Mzee Aliyewamalizia Watoto Hesabu

Mtu mmoja alikuwa na baraza refu la saruji, na hakuwa na mtu wa kuketi juu yake. Jina lake lilikuwa Yonazi. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa msaidizi wa wapima ardhi, akivuta tepu milimani na kuchimbia mawe ya mipaka, na hakuna jiwe alilolichimbia ambalo baadaye lilibidi ling'olewe. Alipostaafu alirudi na mkewe Damari kwenye nyumba waliyoijenga juu ya mashamba ya tangawizi. Damari akaugua wakati wa mvua za vuli, akafa kabla kiangazi hakijaisha. Watoto wao watatu walikuja kuzika, wakakaa siku saba, wakarudi kwenye kazi zao, mmoja Mwanza, mmoja Mtwara, mmoja Kigoma. Walikuwa watoto wema. Walipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, wakauliza kama amekula, naye akajibu kwamba amekula. Baada ya hapo simu ililala mezani hadi Jumapili nyingine.

Yonazi hakuwa mtu wa kulalamika. Alifagia uwanja, alipalilia migomba, alipika chakula cha mtu mmoja, akaona kwamba hiyo ni kazi ngumu kuliko kupika cha watu kumi, kwa kuwa sufuria zote za nyumba ile zilinunuliwa kwa ajili ya wengi. Zilikuwapo siku zilizopita tangu asubuhi hadi jioni bila yeye kuisikia sauti yake mwenyewe. Siku nyingine, akiinuka kitini, alisema "Haya" kwa nguvu, ili tu ahakikishe kwamba sauti ingalipo.

Jumanne moja, saa kumi alasiri, msichana mdogo alipiga hodi akiwa bado na sare za shule, daftari limebanwa kwapani.

"Shikamoo babu. Mama amesema wewe ulikuwa unapima milima."

"Marahaba. Ndiyo, nilipima."

"Basi sehemu za darasa la nne hazitakushinda."

Yonazi akacheka, na kicheko kile kilimshtua yeye kuliko mtoto. Msichana huyo aliitwa Nakunda, binti wa Nasemba, mjane aliyekaa nyumba ya chini, ng'ambo ya mfereji. Siku hiyo Yonazi alitwaa gimbi lililochemshwa, akalikata nusu, akaikata nusu moja kuwa robo, na robo moja kuwa thumuni. Hakumwambia jibu. Alimpa vipande tu. Nakunda alivihamisha vipande juu ya sinia, akavirudisha, akavihamisha tena, hata akaona mwenyewe kwamba nusu na thumuni ni thumuni tano. Akaandika. Kisha akala kazi yake ya nyumbani.

Kesho yake alikuja na wenzake wawili. Kabla muhula haujaisha walikuwa kumi na mmoja, na baraza lilijaa mifuko ya shule na viatu vyenye matope. Walileta hesabu, walileta na sayansi. Walipoulizwa shuleni kwa nini moto huhitaji hewa, Yonazi aliwasha mshumaa mchana kweupe, akaufunika kwa glasi, akawaambia wautazame tu. Mwali ukasinyaa, ukageuka buluu, ukafa. "Babu umeunyonga!" akapiga kelele Senkoro, mvulana mmoja mcheshi, na wenzake wakaanguka kwa kicheko, wakamtaka babu aunyonge tena. Aliunyonga mara nne. Alifundisha vile alivyopima ardhi, bila haraka na bila kuruka kitu. Vijana aliowahi kufanya nao kazi milimani walimkumbuka kwa neno moja alilowaambia kila asubuhi, kwamba mstari wa upimaji usiorudi ulikoanzia si kipimo, ni matembezi. Watoto nao aliwaongoza hivyohivyo, hadi mwisho, hadi kila mmoja aweze kurudi peke yake kwa njia aliyoijia. Jioni, walipoondoka, alibaki kuokota vipande vya chaki, na nyumba ilikuwa bado na joto la sauti zao. Alianza kupika katika sufuria kubwa. Makande yaliisha siku ileile.

Lakini mtoto aliyeelewa hakurudi. Yonazi hakuliona hilo mapema. Senkoro ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alisumbuliwa na desimali wiki mbili, na wiki ya tatu akaruka kutoka barazani akisema, "Asante babu, zimeshaingia!" Kuanzia siku hiyo alimwamkia akiwa barabarani, akipunga mkono, mpira chini ya kwapa. Wakafuata mapacha wa kwa mchungaji. Akafuata binti mmoja mpole aliyekuwa akikaa karibu kabisa na mlango. Hakuna aliyemkosea adabu. Hakuna aliyeondoka bila kushukuru. Walikuja kwa sababu ya shida, shida ikaisha, wakaenda kucheza kama watoto. Yonazi alijua kwamba hivi ndivyo inavyopaswa kuwa. Alilijua hilo barabara, naye akiwa amesimama mbele ya sufuria kubwa iliyobaki na makande nusu.

Hapo ndipo alipofanya jambo dogo, dogo hata yeye mwenyewe hakulipa jina.

Siku hiyo walikuwa wamebaki watoto wawili. Nakunda, ambaye sasa alikuwa darasa la tano, alileta daftari lake akiwa amekunja uso. "Babu, hili neno limenidanganya," akasema. Neno lenyewe ni lile wanaloimbishwa watoto wetu shuleni huku wakipiga makofi: magazijuto. Limebeba ndani yake utaratibu wa kukokotoa: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Swali lilikuwa fupi. Kumi toa nne jumlisha tatu. Nakunda alilifuata neno herufi kwa herufi. Jumlisha imetangulia toa, basi akajumlisha nne na tatu, akapata saba. Akaitoa saba katika kumi, akapata tatu. Nyuma ya kitabu jibu lilikuwa tisa.

Kosa hilo Yonazi alilijua. Lilikuwa na dawa ya maneno matano: namba hutembea na alama yake. Ile nne ilikuwa na toa yake ubavuni, na hakuna mwenye ruhusa ya kuivua. Anayetaka kujumlisha kwanza na aiongezee kumi ile tatu yenye jumlisha yake, apate kumi na tatu, kisha aitoe nne, na tisa itakuja yenyewe. Neno halikudanganya. Mtoto aliyeambiwa hivyo angeelewa kabla hajameza mate.

Yonazi alifungua kinywa. Akatazama baraza. Mtoto wa pili alikuwa anafunga mfuko wake, naye alikuwa amekwisha kusema kwamba kuanzia wiki ijayo hatakuja. Yonazi akafunga kinywa. Alichukua kifutio, akaifuta tatu, akaandika tisa kwa mwandiko wake mzuri wa ramani.

"Za namna hii zina ugumu wake," akasema. "Wewe fanya hadi hapo. Mwisho wake utaniletea mimi."

Nakunda akafurahi, kwa kuwa ni nani asiyefurahia kupunguziwa mzigo? Akarudi kesho, na kesho kutwa. Yonazi akaona kwamba kila hesabu ina mahali padogo karibu na mwisho, padogo kama upenyo wa mlango, ambapo mwalimu anaweza kusimama na asionekane kwamba amesimama. Watoto wapya walipokuja aliwafundisha kwa upole uleule, akachora vilevile, akawasifu, na walipofika mahali pale akasema, "Lete, nikumalizie." Baraza likajaa tena. Shuleni mwalimu wao alikuwa na wanafunzi tisini na sita katika chumba kimoja. Aliona tisa ilipotakiwa tisa, akaweka vema, akashika daftari jingine. Wazazi walimsifu Yonazi kanisani. Nasemba alimpelekea maziwa kila Jumamosi kwa mkono wa Nakunda, chupa iliyozibwa kwa gunzi safi, wala hakukosa hata Jumamosi moja. Yonazi aliyapokea, akayanywa. Lile neno la watoto linaweka jumlisha kwanza na toa mwisho kabisa. Yeye alijumlisha watoto barazani mwaka baada ya mwaka, na kwenye kutoa hakufika.

Nakunda alipokuwa darasa la saba, ng'ambo ya mlima palikuwa na shule ya wasichana ya bweni iliyofanya mtihani wake yenyewe. Kutoka katika kata ile ilichukua wasichana wanne tu, na hao wanne ilibeba gharama zao zote hadi kidato cha nne. Nasemba hakuwa na njia nyingine ya kumweka binti yake bweni, na hakulificha hilo. "Mwanangu, hapo ndipo pa kwetu," alimwambia asubuhi ya mtihani, akimfunga skafu ya sufu shingoni kwa sababu ya ukungu. "Na babu amekuandaa. Usiogope."

Nakunda hakuogopa. Sehemu alizifanya, alizokuwa amezila akiwa darasa la nne. Maeneo na mzingo alivifanya. Kisha akafika kwenye ukurasa wenye maswali sita ya magazijuto, la kwanza likiwa hamsini toa kumi na nane jumlisha saba. Akalifanya hadi pale alipozoea kufika. Kumi na nane na saba ni ishirini na tano; hamsini toa ishirini na tano ni ishirini na tano. Lilikuwa jibu zuri, limenyooka, halina baki. Lakini alikumbuka kwamba majibu yake ya namna hii hayakuwahi kuwa ya mwisho. Akakaa na kalamu hewani, kama mtu anayengoja mkono upite juu ya bega lake. Chumba kilikuwa na wasichana sitini, na kila mmoja alikuwa ameinamia karatasi yake. Hakuna mkono uliopita. Akaandika ishirini na tano, na yale matano mengine akayafanya vivyo hivyo.

Matokeo yalikuja baada ya wiki sita, yakabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata. Nakunda alikuwa wa tano.

Alasiri ile alipanda kwa Yonazi. Watoto walikuwa wamejaa barazani, naye akangoja mpaka wa mwisho alipoondoka. Hakuwa amelia, au alikuwa amelia mahali pengine. Akamwamkia mzee kama kawaida, akachukua chaki, akapiga magoti, akaandika sakafuni hamsini toa kumi na nane jumlisha saba. Akakokotoa. Akapata ishirini na tano. Kisha akampa babu chaki, na Yonazi, kwa mazoea ya mkono tu, akaifuta ishirini na tano, akaandika thelathini na tisa. Mkono ulikwisha kuandika kabla moyo haujaelewa umeulizwa nini.

Nakunda akaitazama namba ile.

"Babu," akasema, "miaka yote hii, jibu lako lilikuwa linatoka wapi?"

Yonazi alikuwa mzee, na angeweza kusema kwamba ni mambo ya kidato cha juu, naye mtoto angemwamini. Hakusema hivyo. Alisema yale maneno matano. Namba hutembea na alama yake. Akaelekeza kwa kidole toa iliyo ubavuni mwa kumi na nane, akaelekeza jumlisha iliyo ubavuni mwa saba.

Nakunda akainama. Akaandika hamsini na saba chini, akatoa kumi na nane. Thelathini na tisa. Akaandika swali jingine alilolikumbuka, akalikokotoa, akalithibitisha kwa kurudi nyuma. Akaandika la tatu. Muda wote huo haukutosha maji kuchemka. Alipoinua uso hakuwa na hasira, na hilo ndilo Yonazi aliloshindwa kulitazama.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, mjukuu wangu."

"Na ulikuwa unalijua."

Hakuwa anauliza. Alikung'uta chaki magotini, akasema, "Asante babu," kama alivyolelewa kusema, akashuka kwao.

Siku ya pili, saa kumi, baraza lilikuwa tupu. Yonazi alingoja hadi kivuli cha nyumba kikafika kwenye migomba. Hakuna aliyekuja. Baadaye alisikia kwamba Nakunda aliwakusanya watoto wote kwenye mawe ya mfereji wakati wa kuchota maji, akawaambia yale maneno matano, na mengine mengi kama hayo aliyoyakisia mwenyewe, kwa kuwa aliyekwisha kuuona upenyo mmoja anajua na nyingine zinakokaa. Hakumtaja babu kwa ubaya. Aliwaambia tu, "Tumalizeni wenyewe." Alasiri moja ilitosha.

Yonazi alikaa na jambo lile siku kumi. Jumamosi ya pili maziwa hayakuja, naye akashukuru kwamba hayakuja. Asubuhi ya siku ya kumi na moja alivaa koti alilozikia mkewe, akashuka kwa Nasemba. Kutoka mlango wake hadi mlango wa mwanamke yule ni hatua mia nne na kumi. Alizihesabu, kwa kuwa hakuweza kutembea bila kuhesabu, na alipofika mfereji aligundua kwamba hajawahi kuzitembea. Miaka minne watoto walipanda, maziwa yakapanda, salamu zikapanda. Yeye hakuwahi kushuka.

Alimkuta Nasemba uwanjani akiosha tangawizi kwenye beseni. Mama yule alimkaribisha kigodani, mzee akakataa kukaa. Akasema akiwa amesimama. Alisema yote, kwa utaratibu, kama anayesoma taarifa ya kipimo kilichokosewa: siku gani alianza, swali lilikuwa lipi, kwamba alijua, kwamba hakusahau wala hakuchoka. Alisema kwamba yale maswali sita yalitosha kumfanya Nakunda kuwa wa kwanza. Alisema na sababu, ambayo ilikuwa fupi kuliko vyote na ilimchukua muda mrefu kuliko vyote. Aliogopa wasirudi.

Nasemba alisikiliza hadi mwisho, mikono yake ikiwa ndani ya maji. Ndani ya nyumba Nakunda alisikika akipanga vikombe. Alikuwa amekwisha kuandikishwa shule ya kutwa ya kata, mwendo wa saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, na viatu vya mwendo huo vilikuwa tayari kizingitini. Nasemba alivitazama viatu, kisha akamtazama mzee. Yonazi aliinamisha kichwa kungoja atukanwe. Alikuwa amejiandaa kwa matusi tangu alipofunga mlango wake.

"Baba," Nasemba akasema, "ungesema tu kwamba uko peke yako. Tungekuja hata bila daftari."

Yonazi hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alisimama pale, na chai ya tangawizi ilisikika harufu yake kutoka jikoni, na sauti ya Nakunda ikamuuliza mama yake kama kikombe cha babu kijazwe. Mlango ulikuwa wazi. Palikuwa na hatua nne, labda tano. Yule aliyejua urefu wa kila mlima wa wilaya ile hakujua mtu anaingiaje katika nyumba ya watu akiwa hana kitu ambacho wanakihitaji. Akasema, "Nitakuja siku nyingine, mwanangu." Akageuka, akapanda mlima.

Nasemba aliona koti lake likipungua kati ya migomba, akamwambia binti yake amwage ile chai, kisha akamwambia asiimwage.

Basi wewe uliyepewa watu wa kufundisha, iwe darasani, iwe kazini, iwe nyumbani kwako: anayekuja kwako kila siku, anakuja kwa kuwa anakupenda, au ni kwa kuwa kuna maneno matano ambayo hujamwambia?